Kulirudisha Gari la Babu Nyumbani

Kabla hujampigia fundi simu, mpigie shangazi yako. Magari mengi ya wazee yaliyokwama huku Geita hayakukwamishwa na injini. Yamekwama kwa sababu watoto wa mzee hawasalimiani, au kadi ya gari bado ina jina la marehemu na hakuna aliyekanyaga mahakamani, au mmoja wa ukoo aliliuza kimya kimya na wenzake mpaka leo wanasema liliibwa. Injini ya Land Rover ya zamani inafunguliwa na kufungwa tena chini ya mwembe, kwa spana za kawaida na fundi mwenye subira. Ndugu wakishafarakana, hakuna gereji ya kuwapeleka.

Nawaandikia wajukuu. Wengi wenu sasa mna kipato: mmeajiriwa mgodini, mna duka Katoro, mna karasha Nyarugusu, mnafundisha, au mko Mwanza na Dar es Salaam mkituma fedha nyumbani. Mmefika umri ambao mtu huanza kuulizia vitu vya wazee, na mara nyingi kinachotajwa kwanza ni lile gari. Ndilo lililomkimbiza mama hospitali usiku wa mvua, likapeleka pamba ghalani, likasomba matimba ya duara, likaleta maharusi na kubeba maiti. Nataka mlirudishe, tena nataka lirudi likiwa zima na halali. Kwa hiyo fuateni mpangilio: makubaliano ya ndugu kwanza, halafu karatasi, halafu chasi, halafu breki, halafu injini. Rangi ije mwisho, fedha ikibaki. Nimeona Land Rover zinazong'aa kama sahani ambazo ukizipiga nyundo chini, nyundo inapita.

Anzeni kwa kulifahamu gari lenyewe, maana kumbukumbu za utotoni hudanganya. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948. Toleo la pili likaja 1958, likarekebishwa 1961 na kuitwa IIA, na la tatu likatoka kati ya 1971 na 1985. Jina la Defender lilianza 1990, na utengenezaji wa gari lile ukakoma Januari 2016. Toyota nao walikuwa na Land Cruiser ya 40 kuanzia 1960 hadi 1984, ndipo wakaleta ya 70, ambayo sisi tunaijua kwa jina la mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo.

Huku kwetu magari haya yalifika kwa njia nyingi. Mengine yalikuwa ya vyama vya ushirika vya pamba, ya idara za serikali, ya misheni, au ya migodi kama Mwadui, ambako John Williamson alivumbua almasi mwaka 1940. Yakichoka yaliuzwa kwa mnada, na mzee mwenye ng'ombe wa kutosha au mavuno mazuri ya pamba akajitosa. Mengine yalinunuliwa kwa fedha ya dhahabu, hasa baada ya 1990, Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo kwa bei iliyowavutia waitoe waziwazi. Kwa hiyo inawezekana gari la babu lilikuwa na mwenyewe mwingine kabla yake, na karatasi za huyo wa kwanza zinaweza kuwa muhimu kwenu leo.

Tafuteni picha. Kila nyumba ina albamu, na kila albamu ina picha ya harusi au ubatizo ambayo watu wamelizunguka gari. Picha moja tu inaweza kuwaambia mengi. Taa kubwa zikiwa katikati, zimekaribiana kwenye wavu wa mbele, hiyo ni Land Rover ya kabla ya mwisho wa miaka ya sitini. Taa zikiwa zimehamia kwenye mabawa, ni ya baadaye. Saa za dashibodi zikiwa katikati ya gari, ni ya pili au ya nyuma zaidi, na zikiwa mbele ya dereva, ni ya tatu. Pimeni pia urefu kwa macho: fupi ni 88 na ndefu ni 109, yaani inchi kati ya tairi la mbele na la nyuma. Mkishajua hayo, hamtauziwa gari la mtu mwingine kwa jina la babu yenu.

Sasa, liko wapi? Gari likiwa bado shambani kwenye boma la mzee, suala lenu ni mirathi. Hapa ndipo shangazi anapohitajika, pamoja na baba wadogo, wajomba na yeyote aliyekuwa karibu na mzee. Itisheni kikao cha ukoo, na muhtasari uandikwe na kusainiwa. Msiwaache mabinti wa marehemu nje ya kikao. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 iliwaweka nyuma ya ndugu zao wa kiume katika urithi, na bado wapo wanaojificha nyuma ya sheria hiyo. Mimi nasema gari ambalo binti alilisukuma kwenye tope la mbuga akiwa mwanafunzi ni gari lake pia. Isitoshe, binti aliyeachwa nje ndiye atakayekuja kuweka pingamizi mkiwa mmeshatumia fedha.

Baada ya kikao, nendeni Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo pamoja na muhtasari, mkaombe msimamizi wa mirathi ateuliwe. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, kwa Fomu Na. 5, na baadaye hesabu ya ugawaji kwa Fomu Na. 6. Hakikisheni gari limeandikwa kwenye orodha hiyo, na namba ya chasi yake ikiwemo, hata kama sasa kuku wanataga ndani yake. Watu wengi wanaacha kuliandika kwa kudhani ni chuma chakavu. Siku likianza kuunguruma, kila mmoja analikumbuka.

Kama mzee alishagawa mali yake akiwa hai, mbele ya mashahidi, andikeni ushahidi huo mapema wakati mashahidi bado wapo. Na kama babu au bibi bado anapumua, basi hata msihangaike na mahakama. Mketi naye, mumuulize anataka nini, aandike na asaini mbele ya wakili. Muulizeni pia historia ya gari: lilinunuliwa kwa nani, lilipinduka wapi, nani alibadilisha injini. Bibi mara nyingi anajua zaidi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akizitunza karatasi sandukuni.

Gari likiwa limeshauzwa nje ya ukoo, kazi ni nyingine. Waulizeni madereva wa zamani na matingo, si wenye magari peke yao. Tingo aliyelala chini ya gari miaka mingi analitambua kwa bonde lililoko kwenye mlango. Pitieni gereji za Geita mjini, Katoro, Runzewe, Ushirombo, Masumbwe na Kahama, hasa zile ambazo magari mabovu huachwa yakisubiri spea hadi mwenyewe anasahau. Pitieni pia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na msichelewe, maana bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na aluminiamu ina soko. Magari mengi ya wazee wetu yamekatwa yakawa sufuria.

Mkilipata, msiende wote kwa mkupuo mkiwa na machozi. Mwenye gari akiona ukoo mzima umesimama unalipapasa gari, bei inapanda hapo hapo, na mimi simlaumu. Mpeni kazi hiyo mzee mmoja anayejua kuzungumza, awe baba mdogo au mjomba, aende na kijana mmoja tu. Waanze na shikamoo, waulizie familia, wakae. Waseme ukweli kwamba gari lilikuwa la mzee fulani na wajukuu wangependa kulirudisha, ila wasitaje fedha siku ya kwanza. Huyo aliyenalo naye ana historia nalo. Huenda limemsomeshea watoto. Mkimheshimu kwa hilo, atawaambia mambo ambayo hakuna fundi atakayeyagundua: kwamba gia ya pili inaruka, kwamba tangi liliwahi kutoboka, kwamba kadi iko kwa mtu fulani Kahama. Taarifa hizo zina thamani kuliko punguzo la bei.

Kuna familia ambazo gari liliuzwa na baba mdogo bila idhini ya wenzake. Ushauri wangu ni kwamba ugomvi huo usipelekwe kwa mnunuzi aliyelipa fedha yake kwa nia njema na kulitumia miaka. Mkiona mna haki ya kudai, mwoneni wakili kwanza, faraghani. Mara nyingi itakuwa nafuu kulinunua upya kwa amani, na suala la baba mdogo likazungumzwa kwenye kikao chenu wenyewe.

Bei mnayokubaliana ni mwanzo tu wa matumizi. Kabla hamjatoa hata shilingi, tengeni pembeni fedha nyingine isiyopungua bei hiyo kwa ajili ya karatasi, usafiri na matengenezo ya awali. Kama hamna, subirini mavuno au posho nyingine. Gari lililonunuliwa likaishia kuegeshwa tena kwa kukosa fedha huvunja moyo wa ukoo kuliko lile ambalo halikununuliwa.

Kuhusu karatasi nitakuwa mkali. Ombeni kadi halisi ya gari, si nakala. Laleni chini ya gari mkasome namba ya chasi kwa macho yenu. Kwenye Land Rover za zamani na Land Cruiser za 40 imegongwa kwenye chuma cha chasi chenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na inakoshikiliwa springi. Mtahitaji brashi ya waya, taa na uvumilivu, kwa sababu itakuwa imefunikwa na grisi na udongo mwekundu. Kibao kilichopigwa ribiti ndani ya kabini hakitoshi, maana kibao huhamishika. Namba ya chasi, namba ya injini na yaliyoandikwa kwenye kadi vyote vifanane. Mkikuta namba ya chasi imesagwa, imechomelewa juu au imegongwa upya, ondokeni, hata kama mlango bado una jina la babu. Hilo ni suala la polisi, si la mapenzi ya familia.

Jina lililo kwenye kadi likiwa si la mtu anayewauzia, fuatilieni mkono kwa mkono: nani alimuuzia nani, na mkataba uko wapi. Huku kwenye machimbo gari linaweza kupita mikono mingi kwa kuaminiana tu, na kadi ikabaki na jina la mtu wa kwanza. Lipeni sehemu ndogo, salio lisubiri mpaka mwenye jina apatikane au karatasi zake zikamilike. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, utaje majina kamili, namba za vitambulisho vya taifa, namba za chasi na injini, bei, hali ya gari, na nani atalipia gharama za uhamisho. Fedha ipite benki au kwenye simu ili ibaki na alama. Kisha nendeni TRA na namba zenu za mlipakodi mkahamishe umiliki mara moja.

Gari likiwa na namba ya usajili ya zamani, isiyofuata mpangilio wa herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu, maana yake halikuingizwa kwenye usajili wa sasa. Hapo mwoneni ofisa wa TRA na karatasi zote kabla ya kulipa, awaeleze kinachohitajika. Kadi ikiwa imepotea, taarifa ya upotevu inaanzia polisi. Wazee wengi wanaogopa kwamba gari lililolala muda mrefu lina deni kubwa la leseni ya barabara. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa 2017, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta kwa nyongeza ya shilingi 40 kwa lita. Ulizeni TRA kama kuna lolote lililobaki kwenye namba yenu, muondoe wasiwasi.

Namba ya chasi ina faida nyingine ninayoipenda sana. Jumba la makumbusho ya magari la Uingereza lililoko Gaydon linatunza kumbukumbu za kiwanda, na kwa malipo linatoa cheti kinachoonesha gari lilikamilika tarehe gani na lilipelekwa nchi gani. Siyo lazima kwa TRA wala kwa polisi. Lakini karatasi hiyo ikiwekwa kwenye fremu sebuleni kwa bibi, hata wajukuu wadogo wataanza kuuliza maswali.

Twende sasa chini ya gari. Bodi ya Land Rover haishiki kutu kama bati la kawaida, na hilo ndilo linalowapotosha wanunuzi. Chasi ni ya chuma, yenye umbo la boksi, na inaoza kuanzia ndani kwenda nje. Udongo wa mbuga ukiingia ndani ya boksi hushika maji mwaka mzima. Osheni chini ya gari kwa maji mengi, liacheni likauke, ndipo mgonge kwa nyundo ndogo kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Sumbueni hasa boriti ya mwisho wa nyuma, mikono inayobeba bodi, mahali springi zinapofungwa, na ile sehemu ya chuma iliyo mbele ya miguu ya dereva. Chasi iliyopakwa lami nene hivi karibuni itiliwe shaka, kwaruzeni.

Magari yaliyofanya kazi machimboni yana tatizo lao. Yalibeba viroba vya mawe na matimba kupita uwezo, kwenye njia zisizo njia. Tazameni nyufa kwenye chasi nyuma ya kabini, na viraka vilivyochomelewa kimoja juu ya kingine. Kiraka kimoja kilichowekwa vizuri si tatizo. Vikiwa vingi, hesabuni chasi nzima kuwa kazi ya kufanywa upya, na mpunguze bei ipasavyo.

Jambo moja naliomba mlichukulie kwa uzito, kwa sababu sioni watu wakilizungumza. Kama gari lilibeba mawe yaliyosagwa, marudio, au vifaa vya uchenjuaji, vumbi lililoko sakafuni na chini ya viti linaweza kuwa na zebaki. Zebaki ikipata moto inakuwa mvuke usioonekana, na mvuke huo unadhuru ubongo na figo, kwa watoto zaidi. Kwa hiyo kabla mchomeleaji hajawasha mashine, sakafu isafishwe ikiwa imeloweshwa, isifagiliwe kavu. Fanyeni mbali na kisima, mbali na jiko, na watoto wasiwe karibu. Takataka hizo zifungwe kwenye mfuko mzito na muulize ofisi ya madini au ya mazingira zipelekwe wapi. Na kwenye Land Rover za zamani tangi la mafuta mara nyingi liko chini ya kiti cha mbele. Litolewe kabisa kabla ya kuchomelea chochote.

Kulihamisha, tafuteni lori au fuso yenye sehemu ya kupakilia. Msilivute kwa kamba. Gari lililolala miaka halina breki za kuaminika, na kamba haijui kusimama. Siku hizi hata mafundi wa Mwanza hawako mbali kama zamani: tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limeondoa ile foleni ya kivuko.

Breki zitangulie injini. Najua mnatamani kusikia linaunguruma, na mzee anayengoja kwenye kiti naye anatamani. Lakini gari linalowaka bila breki litaendeshwa, hakuna kijana atakayejizuia. Badilisheni mipira yote ya breki, silinda za magurudumu na silinda kuu, hata zile zinazoonekana nzima. Land Rover nyingi za miaka ile zina mfumo mmoja wa breki kwa magurudumu yote, na ukivuja mahali pamoja, pedeli inazama na hakuna kinachobaki. Tairi zenye kashata nzuri lakini za umri wa kijana aliyemaliza chuo zitupwe.

Injini iliyolala isipigwe stata siku ya kwanza. Mwageni mafuta ya zamani, ondoeni oili, ondoeni plagi au nozeli, mwageni oili kidogo ndani ya kila silinda na muiache ilale. Kisha zungusheni kwa mkono. Land Rover za zamani zina hendeli ya mbele kwa kazi hiyo, kama haikuuzwa. Ikizunguka vizuri, wekeni oili mpya, maji, filta na mafuta safi kutoka kwenye galoni la nje, maana tangi la zamani lina kutu itakayoziba kabureta. Ikikataa kuzunguka, msilazimishe kwa kuvutwa na trekta. Isubiri, mwageni tena, au mshushe injini.

Fundi umeme aangalie jambo hili kabla hajafunga betri: Land Rover za kabla ya takriban 1967 zilitoka kiwandani chasi ikiwa imeunganishwa na upande chanya wa betri, kinyume na magari ya leo. Kijana aliyezoea magari ya sasa atafunga kwa mazoea na kuunguza dainamo au alternata. Pengine mtu alishabadilisha zamani, pengine hakubadilisha. Aangalie waya, asikisie. Petroli nayo imebadilika. Ile yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na injini za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Mkishusha silinda hedi kwa sababu nyingine yoyote, fundi aweke viti vigumu, mmalize suala hilo.

Kwa mkonga wenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya silinda sita iliyoanza 1990, ulizeni mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Asipojua mtu, badilisheni kabla ya kuwasha. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, na gharama yake mtaijutia.

Mtakuta Land Rover nyingi zina injini ya Toyota, Nissan au Isuzu. Wapo wanaosema hilo si gari la babu tena. Sikubaliani nao. Kama babu mwenyewe ndiye aliyeibadilisha ili gari liendelee kuhudumia watu, injini hiyo ni sehemu ya historia yake, iacheni. Muhimu ni namba yake iwe imeandikishwa TRA, na viunganishi vya injini na giaboksi visiwe vya kubahatisha.

Spea msiziogope. Land Rover ina wasambazaji wa spea mpaka leo, kama Britpart. Arusha, ambako utalii umefuga mafundi wa Land Rover kwa vizazi, mtapata karibu kila kitu. Oktoba 2024 mamia kwa mamia ya magari haya yalikusanyika pale, yakiisaka rekodi ya msafara iliyowekwa Ujerumani 2018 kwa magari 632. Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi ni sehemu nyingine za kuuliza. Spea ndogo inasafiri kwa basi. Wakati mwingine ni busara kununua gari la kuchinja, lililokufa lakini lenye karatasi safi, mkatoa vitu humo. Msihamishe namba kutoka gari moja kwenda jingine, hilo ni kosa la jinai.

Fundi mchagueni mzee, mpangieni kijana wa VETA awe mkono wake. Mzee anajua gari, kijana atajifunza na kubaki nalo. Mlipeni kwa hatua, kila hatua ikikamilika, na nunueni spea wenyewe. Mmoja wenu ashike daftari la matumizi na kupiga picha za risiti kwenye kundi la familia kila wiki. Michango huisha pale watu wasipoona kinachofanyika.

Likianza kutembea, fundisheni watu kuliendesha. Land Rover za kabla ya 1971 hazina gia laini kwenye namba moja na mbili. Kijana ataisikia ikisaga na kusema giaboksi imekufa, kumbe anatakiwa kukanyaga klachi mara mbili. Fimbo yenye kichwa cha njano ikibonyezwa inaunganisha magurudumu ya mbele, na ile nyekundu ikivutwa nyuma inaleta nguvu ya chini ya kupandia. Zote ni za tope, mchanga na mlima. Kwenye lami kavu zirudishwe, la sivyo mnavunja vyuma. Filta ya hewa ya zamani yenye bakuli la oili isafishwe mara kwa mara, vumbi letu la kiangazi linaimaliza injini haraka. Na fungeni mikanda ya viti, ikiwemo ya nyuma. Babu alitubeba tukiwa tumekaa ubavu bila kushika kitu, kwenye barabara zisizo na malori ya leo. Wanetu wasibebwe hivyo.

Mikwaruzo na mabonde msiyanyooshe yote. Lile alilolipata babu kwenye daraja la miti libaki, kama halikati chuma. Osheni, tibuni kutu, pakeni rangi ileile ya zamani panapohitajika tu. Jina lililoandikwa kwa brashi mlangoni, hata kama herufi zimepinda, mpiga rangi asiliguse.

Mwisho, lipeni kazi. Gari la aina hii likisimama linaoza upya. Libebe mahindi kutoka shambani, limpeleke bibi kliniki, litumike kwenye misiba na harusi za ukoo. Bima iwe hai, hata ile ndogo ya mtu wa tatu. Na kabla furaha haijapoa, wekeni maandishi mengine: kadi itakuwa na jina la nani kwa niaba ya wote, ufunguo unakaa nyumba gani, anayelitumia anajaza mafuta kiasi gani, anayeliharibu anatengeneza kwa fedha ya nani, na gereji inachangiwa vipi kila mwaka. Andikeni pia kwamba mwenye jina kwenye kadi akitaka kuliuza, atawaarifu ndugu kwenye kikao na kuwapa miezi sita ya kutafuta fedha, kwa bei itakayopangwa na fundi asiye ndugu, kabla halijaoneshwa kwa mtu wa nje. Kila tawi la ukoo lisaini na kubaki na nakala, na nyingine mmpe wakili aliyewaandalia mkataba.